Chujio la Petroli Likae Wapi?

Hebu tuwafikirie watu wawili. Mmoja ni mzee mwenye gari kuukuu alilolinunua miaka mingi iliyopita. Wa pili ni kijana fundi. Karakana yake ni kivuli cha mwembe kando ya barabara.

Siku moja mzee alifika kwa fundi akiwa amechoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari hili limenishinda. Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Likifika mlimani linakohoa kama mgonjwa."

Kijana alifungua boneti. Alijua kwamba tangi la gari kuukuu huwa na kutu ndani. Kwa hiyo akasema, "Tutie chujio jipya, mzee. Uchafu utazuiwa." Akatoa chujio dogo la plastiki la bei nafuu. Akakata mpira wa petroli karibu na injini, akalitia chujio katikati, akakaza klipu. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo kwenye magari mengi, wala hayakupata shida.

Mzee akawasha gari. Mara ikasikika harufu kali. Kijana alipotazama, aliona petroli ikirushwa kama mvua juu ya injini.

"Zima, mzee! Zima!"

Mzee akazima upesi. Kwa bahati injini ilikuwa haijapata moto sana, wala hapakuwa na cheche. Lakini wote wawili walitetemeka. Kama petroli ile ingeshika moto, gari lingeteketea, na pengine mtu pia.

Kosa lilikuwa wapi? Chujio lilikuwa jipya. Klipu zilikuwa zimekazwa. Lakini gari lile halikuwa la kabureta. Lilikuwa gari la nozeli. Katika gari la nozeli, mahali pa chujio na aina ya chujio si mambo ya kubahatisha. Leo tutajifunza kwa nini.

1. Kabureta na nozeli

Injini ya petroli haiwezi kuchoma petroli iliyo kama maji. Ni lazima petroli ivunjwe iwe matone madogo sana, ichanganyike na hewa.

Magari mengi ya zamani hutumia kabureta. Ndani ya kabureta kuna kibakuli kidogo cha petroli. Hewa ikipita kwa kasi huinyonya petroli kutoka kwenye kibakuli na kuchanganyika nayo. Pampu ina kazi moja tu, yaani kukijaza kibakuli kile. Kazi hiyo ni nyepesi.

Magari mengine ya zamani hayana kabureta. Yana nozeli. Nozeli ni mdomo mdogo unaonyunyiza petroli kwa nguvu. Ili inyunyize vizuri, ni lazima petroli ifike ikiwa imesukumwa sana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitengeneza mfumo wa nozeli unaoongozwa kwa umeme, uitwao D-Jetronic. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 1967 katika gari la Volkswagen 1600. Mwaka 1973 ulifuata mwingine, K-Jetronic, ambao ulitumika katika magari mengi ya Porsche, Mercedes-Benz, Volvo na mengineyo.

Siku hizi karibu magari yote mapya ya petroli ni ya nozeli. Lakini hayo ya zamani bado yapo, na yana watu wanaoyapenda na kuyatunza. Mengi yamekwisha kupita mikononi mwa mafundi wengi. Kila fundi amekata mpira hapa na kuunga pale. Kwa hiyo chujio unalolikuta pengine haliko mahali lilipowekwa na kiwanda.

2. Petroli inasukumwa kwa nguvu gani?

Mwenye gari dogo hujaza tairi upepo wa paundi 28 au 30 kwa kila inchi ya mraba. Unajua jinsi upepo huo unavyopiga kelele valvu ikifunguliwa. Sasa linganisha:

Gari la kabureta: petroli husukumwa kwa paundi 3 hadi 5.
Gari la D-Jetronic: paundi 30 hivi, sawasawa na tairi.
Gari la K-Jetronic: paundi 70 hivi, yaani zaidi ya tairi mara mbili.

Sasa tunaelewa yaliyompata kijana wetu. Chujio la plastiki la gari la kabureta limetengenezwa kustahimili paundi chache tu. Yeye alilitia mahali penye nguvu kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Chujio likapasuka.

Kumbuka kwamba na mpira wa petroli una nguvu yake. Juu ya mipira mingi huandikwa alama. Alama ya R7 ni ya mpira wa gari la kabureta. Alama ya R9 ni ya mpira wa gari la nozeli. Usipoona alama yoyote, usiutumie mpira huo kwenye gari la nozeli.

3. Chujio linalinda nini?

Mama anapokamua nazi, tui hulipitisha kwenye kifumbu. Machicha hubaki, tui hupita. Chujio la petroli hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini machicha ya petroli ni madogo sana. Ni kutu, mchanga, na vipande vya mpira uliooza.

Chukua milimita 1, uigawe katika sehemu 1,000. Kila sehemu huitwa maikroni. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chujio laini la gari la nozeli huzuia uchafu wa maikroni 10 hivi. Huo ni uchafu usioonekana kwa macho.

Kwa nini izuiwe hata chembe ndogo namna hiyo? Kwa sababu njia za petroli katika magari haya ni nyembamba mno. Katika K-Jetronic, petroli hupimwa kwa kupita kwenye nyufa ndogo zilizochongwa katika chuma. Upana wa ufa mmoja ni sehemu ya tano ya milimita. Kutu kidogo tu kikikaa hapo, silinda moja hupata petroli pungufu na injini hutikisika. Kifaa hicho kikiharibika, bei yake ni kubwa, na katika magari ya zamani hakipatikani kwa urahisi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: chujio hukaa kabla ya kitu kile kinacholindwa.

4. Pampu hupenda kusukuma, haipendi kunyonya

Mtu anaweza kuuliza: "Kama ni hivyo, kwa nini tusiweke chujio laini kabla ya pampu? Litailinda pampu, nozeli nazo zitakuwa salama." Swali hilo ni zuri. Mafundi wengi hufikiri hivyo.

Jaribu jambo hili. Chukua mrija, unywe maji ya dafu. Maji yanakuja bila taabu. Sasa funga kitambaa kizito kwenye ncha ya mrija, unyonye tena. Mashavu yanaingia ndani, maji hayaji, unavuta hewa tu. Pampu nayo hupata taabu hiyo hiyo.

Pampu ya umeme ya gari la nozeli ina nguvu nyingi za kusukuma, lakini uwezo wake wa kunyonya ni mdogo. Ikizuiwa upande wa kunyonya, mambo mawili hutokea.

La kwanza, petroli hugeuka mvuke. Petroli huchemka upesi kuliko maji, tena ikinyonywa kwa nguvu huchemka upesi zaidi. Wakati wa jua kali, mapovu ya mvuke hujaa ndani ya pampu. Nozeli hupata mvuke badala ya petroli. Gari huzimika njiani. Likipoa, huwaka tena kana kwamba halikuwa na ugonjwa.

La pili, pampu huungua. Petroli inayopita ndani ya pampu ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Pampu ikikosa petroli, vyuma husagana vikavu. Kwanza italia kama nyuki. Baadaye itanyamaza kabisa.

Tena kuna hesabu ambayo wengi huisahau. Gari likitembea kwa kawaida huenda likachoma lita 10 kwa saa. Lakini pampu ya namna hii hupitisha zaidi ya lita 60 kwa saa. Petroli isiyotumika hurudi tangini kwa bomba jingine. Chujio lililo katika njia ya pampu hupitisha petroli yote hiyo, si ile inayochomwa peke yake. Chujio dogo likiwekwa kabla ya pampu ni kama mlango mmoja mwembamba mbele ya watu wa gulio zima.

5. Basi likae wapi?

Katika magari mengi ya nozeli jawabu ni hili:

Ndani ya tangi, au kwenye mdomo wa kutokea petroli, kuna wavu wenye matundu makubwa kidogo. Wavu huo huzuia vipande vya kutu visiingie kwenye pampu, lakini haumnyimi mtu petroli.

Kisha inafuata pampu. Pampu hukaa karibu na tangi, chini yake, ili petroli iteremke yenyewe kwenda kwenye pampu.

Baada ya pampu ndipo linakaa chujio laini. Hapo petroli inasukumwa, kwa hiyo hupenya bila shida. Chujio hilo ni lazima liwe na ganda la chuma, nalo liwe limetengenezwa kwa ajili ya gari la nozeli.

Kwa ufupi: wavu mpana kabla ya pampu, chujio laini baada ya pampu.

6. Yapo magari yasiyofuata desturi hiyo

Usikimbilie kulihamisha chujio la kila gari. Katika Volkswagen 1600 ya D-Jetronic, kiwanda chenyewe kiliweka chujio kabla ya pampu. Je, walikosea? Hapana. Tangi la gari hilo liko mbele, na pampu iko chini yake. Petroli huteremka kwa uzito wake. Tena chujio lenyewe ni la kupitisha petroli kwa wepesi. Mahali hapo panafaa kwa chujio la namna hiyo tu. Ukilitoa hilo, ukaweka chujio zito la K-Jetronic mahali pale pale, utaiua pampu.

Gari la Porsche 914, lililoundwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1976, linatufundisha jambo jingine. Hapo mwanzo pampu yake iliwekwa karibu na injini, mbali na tangi, mahali penye joto. Ikabidi pampu inyonye petroli kutoka mbali. Wakati wa joto, mvuke ulisumbua watu. Katika magari ya mwaka 1975 kiwanda kiliihamishia pampu mbele, karibu na tangi. Basi hata wenye kiwanda walifundishwa na joto.

Peugeot 504 ni gari linalojulikana sana kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1975 Ove Andersson na Arne Hertz walishinda mbio za Safari kwa gari hilo. Nyingi kati ya Peugeot 504 zilikuwa za kabureta au za dizeli. Lakini zilikuwako nyingine za petroli zenye pampu ya sindano ya Kugelfischer, inayozungushwa na injini yenyewe. Katika gari la namna hiyo kuna pampu mbili. Pampu ya umeme hupeleka petroli, na pampu ya sindano huipima na kuisukuma kwenye nozeli. Hapo kinacholindwa ni pampu ya sindano. Kwa hiyo chujio laini ni lazima lisimame kabla yake. Wenye mashine za kusaga zinazotumia dizeli watatambua mpango huu, maana chujio la mashine nalo husimama kabla ya pampu ya sindano.

Unaona, msomaji, mahali panabadilika lakini kanuni ni ile ile. Kitu chenye njia nyembamba kilindwe, na pampu isinyimwe. Kabla ya kukata mpira, tafuta kitabu cha gari hilo uone kiwanda kiliweka nini na wapi.

7. Mahali penyewe pawe namna gani?

Ukiwa umejua chujio liwe kabla au baada ya pampu, chagua mahali pake kwa uangalifu:

(a) Liwe mbali na bomba la moshi. Petroli ikivuja isidondokee kwenye chuma cha moto.
(b) Lisining'inie kwenye mpira. Lifungwe kwa mkono wa chuma wenye raba katikati, lisisagwe na mtikisiko.
(c) Lisiwe mahali pa kupigwa na mawe ya barabarani.
(d) Liwe mahali unapoweza kulifikia kwa spana, ili ubadilishe bila kuvunja vitu vingine.
(e) Mshale uliochorwa juu yake uelekee inakokwenda petroli, yaani kutoka tangini kwenda kwenye injini.

8. Kubadilisha chujio kwa usalama

Gari la nozeli linaweza kuhifadhi nguvu ya petroli hata baada ya kuzimwa. Ukifungua kokwa ghafula, petroli itakurukia machoni. Fuata hatua hizi:

Kwanza, fanya kazi nje, mchana. Usitumie kibatari wala karabai. Pasiwe na jiko, sigara wala watoto karibu. Weka mtungi wa kuzimia moto. Ukikosa, weka ndoo ya mchanga mkavu. Usimwagie maji petroli inayowaka, maana itaelea juu ya maji na kusambaa.

Pili, iache injini ipoe kabisa. Ni vizuri gari lilale usiku kucha.

Tatu, ondoa waya wa betri. Fungua kifuniko cha tangi, upepo utoke, kisha ukirudishe.

Nne, zungushia kokwa tambara. Legeza polepole mpaka nguvu iishe. Kinga petroli kwa chombo cha chuma.

Tano, funga chujio jipya. Kama kuna pete za shaba, weka mpya. Za zamani zimekwisha kubonyea.

Sita, rudisha waya wa betri. Mtu mmoja awashe gari, mwingine atazame chujio. Tone moja likionekana, zima mara moja. Usiseme "litakauka lenyewe."

9. Chujio si dawa ya tangi bovu

Turudi kwa mzee na kijana. Siku ya pili kijana hakukimbilia kuongeza kitu. Aliingia chini ya gari, akaifuata njia ya petroli kwa kidole, kutoka tangini mpaka kwenye injini. Karibu na tangi alikuta chujio jingine laini, kabla ya pampu. Mtu fulani alikuwa amelitia zamani. Alipolifungua na kumimina petroli yake kwenye bati jeupe, ilitoka nyekundu kama udongo wa njia.

"Mzee, ugonjwa ni huu," alisema. "Tangi lina kutu. Aliyetia chujio hili alitaka kuilinda pampu. Limejaa, na sasa linaikaba."

"Basi toa hilo, utie jingine jipya."

"Hapana, mzee. Hilo nalo litajaa. Tuliteremshe tangi, tulisafishe. Kisha tutarudisha wavu wake, na chujio la chuma tuliweke baada ya pampu, kama kitabu cha gari hili kinavyosema."

Mzee alifikiri gharama. Akakumbuka na ile petroli iliyorushwa juu ya injini. Akakubali.

Kazi ilichukua siku mbili. Gari lilipanda mlima bila kukohoa, na pampu haikulia tena. Tangu hapo kijana hakuukata mpira wa petroli wa gari lolote kabla ya kuuliza maswali matatu: Gari hili ni la kabureta au la nozeli? Pampu iko wapi? Ni kitu gani kinacholindwa?

Maneno ya kukumbuka

Chujio: kifaa cha kuzuia uchafu, mafundi wengine huita filta.
Nozeli: mdomo mdogo unaonyunyiza petroli.
Maikroni: sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000.
Wavu: chujio lenye matundu makubwa, kabla ya pampu.

Maswali

1. Kwa nini chujio la plastiki la kijana lilipasuka?
2. Ni mambo gani mawili hutokea pampu ikizuiwa upande wa kunyonya?
3. Kwa nini chujio la Volkswagen 1600 liliweza kukaa kabla ya pampu?
4. Kama pampu hupitisha lita 60 kwa saa na injini huchoma lita 10, ni lita ngapi hurudi tangini?
5. Jadilianeni darasani: Katika kijiji chenu petroli huwekwa katika vyombo gani? Je, vyombo hivyo ni safi, na ni salama?